Sisimizi wa Bafuni

Dada yangu anauza vitenge kwa jumla Kariakoo, na unene wake ulikuwa sehemu ya biashara. Kwetu Kilimanjaro ukirudi Desemba umekonda, mama hakuulizi unaumwa nini. Anauliza duka limefungwa lini. Kwa hiyo muuguzi wa kliniki moja Upanga alipogawanya uzito wa dada kwa urefu wake, akagawanya tena kwa urefu uleule, akapata zaidi ya thelathini na kumwonya kuhusu presha na kisukari, dada alicheka tu. Mimi nilimkalia kooni mpaka akaacha soda.

Akawa anajipima dukani, juu ya mizani ya marobota. Kilo zikashuka. Nilimpunguzia magauni kwa cherehani yangu, nikajiona daktari. Zikashuka tena na tena, ingawa sasa alikula kuliko wabeba mizigo wake, na maji aliyanywa kwa madumu. Nikasema mwili umekubali.

Mchana mmoja niliingia dukani nikamkuta mama mmoja mwembamba kwenye kiti cha dada. Nikamwuliza mwenye duka yuko wapi.

"Mdogo wangu," akasema kwa sauti ya dada, "mbona unanitisha?"

Gauni lilikuwa lile nililolipunguza mwenyewe. Nikampeleka nyumbani kwake, mtaa wa pili, apumzike. Nilipoingia bafuni nikawaona sisimizi. Ni ghorofa ya nne, sakafu imesuguliwa, hakuna hata punje ya chakula. Walikuwa wamepanga mstari kutoka dirishani mpaka ukingo wa choo, wanakunywa mkojo kimyakimya. Niliogopa hata kuwamwagia maji.

Nikamrudisha kliniki. Muuguzi yuleyule akagawanya upya, akatabasamu: jibu sasa ni la mtu mwenye afya. Nikamweleza kuhusu sisimizi, nikamwomba apime sukari. Kimashine chake kikashindwa kutoa namba. Sukari ilikuwa imepita uwezo wake. Tabasamu likamtoka.

"Huyu hajapungua vizuri," alisema. "Mwili wake unajila wenyewe."

Dada alilazwa siku hiyohiyo. Sasa anajichoma insulini, mashavu yamerudi kiasi, na mama anafurahi. Wiki hii kilo moja imepungua. Dada anasema ni kwa sababu ya kutembea. Nilimpongeza, nikaomba kwenda bafuni, nikawasha taa, nikapiga magoti nikiutafuta ule mstari.