Firigisi ya Mgeni wa Stima

Nikiikumbuka Iguhu ya siku zile, naiona asubuhi yenye ukungu, na nguzo mpya zimesimama mashambani bila waya. Ukungu ukipita katikati yake, nilihisi kijiji kizima kinaelea polepole kwenda mahali penye taa.

Nguzo zilikuwa mikaratusi ya majirani. Kampuni kubwa ya umeme ilimtuma bwana mmoja mwenye viatu vya kung'aa, akasema: toeni miti, stima itafuata. Watu walisitasita. Baba, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa kijiji, akamkaribisha kwetu, jogoo akachinjwa, na firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye mji na sisi wanawe hatukuwahi hata kuionja, baba akamwekea mgeni. Habari ilifika kila boma kabla vyombo havijaoshwa. Aliyepewa firigisi na baba, nani angemshuku? Kesho yake mashoka yalilia mpaka jioni.

Mimi nililala nikiota friji. Nilikuwa msichana mkubwa, lakini niliota friji.

Kisha redio ikatangaza kwamba kampuni imeanguka. Wakubwa wake walikuwa wakiwaambia wenye hisa kuwa vijiji kama chetu tayari vina stima. Kwao tulikuwa tunang'aa; huku kwetu tulikuwa tunawasha koroboi. Nilikasirika, na hasira ninayo bado. Baba hakukasirika. Aliona haya. Aliacha kwenda kanisani, akaacha hata kuketi uani, akisema neno lake sasa ni makapi.

Jumapili moja, jirani aliyepoteza miti mingi kuliko wote aliingia na ndugu zake. Baba akakimbilia chumbani kama kuku aliyeona mwewe. Nikasimama mlangoni, tayari kupigana kwa mdomo.

"Mzee, toka," jirani alisema. "Unatufichanga uso kwa nini? Jumamosi tunapeleka ng'ombe za kijana wangu kwa wakwe. Nani atatuongelea?"

Kisha sauti ya baba: "Neno langu ndilo lilikata miti yako."

"Najua. Na nilikasirika sana. Lakini kijana ni wangu, na msemaji ni wewe."

Baba alitoka akijifuta macho kwa mkono wa shati, akaketi kati yao.

"Hao wakwe ni wa wapi?"

"Khwisero."

"Basi tutoke mapema," alisema. "Watu wa huko hawachokangi kuongea."