Siku Niliyochomea Filamu ya Harusi Kwenye Matanga ya Watu

Sipendi kuyaandika haya. Nilingoja kwanza Bwiza, mtaa wetu, isahau, lakini Bwiza haisahau, juzi tu muuza makaa aliniuliza mbele ya wateja wake kama baba zangu wote wawili hawajambo, na wote wawili, mnisikilize vizuri, ni marehemu, na mmoja wao si baba yangu kabisa. Basi afadhali niseme mwenyewe, tena kwa haki, maana wanaosimulia huko barabarani wanaongeza chumvi (wanasema nililia, nililia kweli, lakini ulikuwa moshi).

Mambo yalianzia kwa baba mkwe wangu, mzee Gaspari wa Musaga, aliyekuwa dereva wa malori kabla hajastaafu. Shemeji yangu aliyeko Kanada alimtumia televisheni pana kama mlango, pamoja na mashine ya kuchezesha diski za 4K, zile za picha safi kupita kiasi, lakini hakutuma hata diski moja. Mzee akawa anakaa mbele ya kioo cheusi na rimoti mkononi, kama mtu aliyepewa gari bila ufunguo. Jumapili moja tukiwa mezani kwake, mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza kitu, nikasema, "Baba, harusi yetu ilipigwa na kamera ya 4K, na ninayo kwenye kompyuta. Mi nitakuchomea diski." Shule niliiacha mapema, kompyuta nilijifunza kwa macho tu nikiwa na kibanda changu cha fotokopi, kwa hiyo sijui hadi leo ule ujasiri ulitoka wapi. Nadhani ni ile bia ya pili.

(Mtauliza kwa nini sikumwekea kwenye flash yakaisha. Nilimwambia. Akasema flash ni kitu cha kupotelea mfukoni, yeye anataka kitu cha kuweka kabatini, kimeandikwa jina lake.)

Sasa, diski za namna hiyo zinaandikwa mara moja tu. Ukianza kuchoma, usitikise, usizime, usikatishe, na umeme ukikatika katikati imekufa, haifai tena ila kuwekea kikombe cha chai. Nilikuwa nazo tatu, alizoniletea mtu kutoka Dubai. Ya kwanza umeme uliiua. Ya pili umeme uliiua pia, karibu mwisho, na siwezi kuulaumu sana umeme, maana nilijua tabia yake nikaanza hivyo hivyo. Ikabaki moja. Na mzee alikuwa ameshaalika majirani zake wa Musaga, Jumamosi jioni, waje kusikiliza hotuba aliyoitoa siku ile ya kunipa binti yake, hotuba ndefu yenye ng'ombe wengi ndani, ambayo kwa maneno yake mwenyewe hakuna mtu anayeikumbuka inavyostahili.

Mke wangu, Goreti, alinifunga tai asubuhi ile, akaniambia kwa sauti ya chini, "Desire, kwetu wanakuita mukwe wa maneno. Mi ninakataa kila siku. Leo usinifanye nikubali." Halafu akatangulia Musaga kusaidia kupika, akaniacha na suti yangu ya harusi, kompyuta isiyo na betri, diski moja, na nyumba isiyo na umeme.

Ndipo niliposikia grupu, yaani jenereta, inanguruma barabara ya pili.

Kulikuwa na watu wanamaliza matanga. Marehemu alikuwa mzee Aniseti, mfanyabiashara wa mchele, ambaye mimi nilimjua kwa kofia tu. Hema limefungwa, viti vimepangwa, mishikaki inachomwa pembeni, na kwenye spika alikuwa Juma, fundi wa sono, ambaye tunajuana. Nikamweleza shida yangu. Akakuna kichwa.

"Kaka, prizi moja ya umeme imebaki, iko nyuma ya meza ya familia. Ingiza, lakini wakiniuliza, mi na wewe hatujaonana tangu mwaka jana."

Mniamini, nilijua si vizuri. Esansi, yaani petroli, siku hizi hapa mjini Buja mtu anailalia kwenye foleni, na ile familia ilikuwa imeikusanya chupa kwa chupa, kwa ndugu na majirani, ili mzee wao aagwe kwa heshima. Kuchomeka kompyuta yangu pale bila ruhusa ulikuwa wizi, sina jina lingine. Lakini nilijiambia grupu inanguruma hivyo hivyo, kitu kidogo changu haitakisikia. Nikaweka kompyuta kwenye kona ya meza, nikaanzisha, nikaifunika kitenge ili isionekane, nikakaa karibu yake nikiizuia kwa mikono miwili, maana watoto walikuwa wanakimbia na meza ilikuwa na mguu mfupi.

Sasa mjitazame ninyi kama mngekuwa wageni pale. Mwanamume asiyejulikana, amevaa suti, amekaa meza ya familia, anakumbatia kitu chini ya kitenge, na moshi wa mishikaki unamjia usoni wote, machozi yanamtoka.

Bwana wa protokoli, mwenye utepe kifuani, alikuja kunihamisha kwa adabu. "Kaka, hapa ni pa wana wa marehemu." Mimi kwa haya ya ile esansi sikuweza kusema niko pale kwa ajili ya nini. Nikatikisa kichwa tu. "Unakataa?" Nikatikisa tena. Akanitazama, akatazama machozi, akaenda kunong'ona na watu wake. Simlaumu. Hata mimi ningenong'ona.

Halafu akasimama mzee Salvatori, mdogo wake marehemu, akachukua mikro. Alimsifu kaka yake, akamwonyesha kijana atakayeshika nyumba, kisha akafika kwenye lile neno ambalo kwetu linasemwa siku ya kumaliza matanga: kama kuna mtoto ambaye familia haimjui, asimame leo, leo milango iko wazi, kesho asije kutusumbua mahakamani. Desturi nzuri, siidharau. Ila aliposema "asimame", hema zima liligeuka kunitazama mimi.

Nikaona mjane anainuka. Watu wanamwita Mama Odeta, mwanamke mwembamba, mpole. Akaja mpaka mbele yangu.

"Simama, mwanangu. Mi nilikuwa nasikia tu kwamba kuna mutoto mahali. Miaka mingi nimesikia. Usione haya, si wewe uliyekosa."

Nilisimama. Mtu mzima wa namna ile akikuambia simama, unasimama. Na nisiseme uongo, sikusema ndiyo, lakini sikusema apana pia. Nilichungulia chini ya kitenge, mstari wa kijani unaoonyesha kazi imefika wapi ulikuwa umepita nusu, nikajiambia nikisema sasa watachomoa, acha ifike, nitasema ikifika. Hapo ndipo nilipomuuza mama yangu. Yuko Kanyosha, analima mboga zake, hajawahi kumtazama mwanamume mwingine zaidi ya baba yangu, na mimi nikaliacha jina lake lichafuke mbele ya hema zima kwa sababu ya diski.

Vigelegele vikapigwa. Shangazi Venansia, dada yake marehemu, akanishika kichwa akakizungusha kama anachagua papai.

"Kichwa cha Aniseti! Kichwa chake kabisa! Masikio tu ndiyo amechukua kwa mama yake."

"Na kutembea," mwingine akasema. "Anatembea kama yeye." (Nilikuwa sijatembea.)

Wakanivuta kwenye chungu cha familia cha urwarwa, pombe ya ndizi, wakanipa mrija, nikainama kunywa na mjomba huku na binamu kule, jicho langu moja likiwa kwenye kitenge. Ndipo niliposikia bwana wa protokoli anaita mlangoni kwa furaha, "Mzee Gaspari! Umechelewa, lakini umekuja saa nzuri! Njoo umuone mutoto wa rafiki yako, tumemupata leo!"

Sikuwa najua kwamba baba mkwe wangu alibeba mchele wa marehemu miaka yote ya lori lake. Nikainua kichwa, mrija ungali mdomoni.

"Desire?"

"Baba."

"Wewe ni mutoto wa Aniseti?"

Nikachungulia kitenge, yeye akanitazama mimi.

"Basi yule aliyekuja kwangu kuniomba binti," akasema taratibu, "yule niliyekunywa naye, niliyempa hotuba yangu yote, alikuwa nani? Mulimukodi?"

Nikatoa mrija. Nikafunua kitenge. Nikasema yote, na Juma, ambaye nilijaribu kutomtaja, alianza ghafla kukunja nyaya zisizohitaji kukunjwa. Kelele zilizofuata nilizistahili.

"Anachoma filime na esansi ya marehemu!"

"Chomoa! Chomoa hiyo kitu!"

Mzee Salvatori alikuwa ameshashika waya. Na aliyemzuia, jamani, hakuwa mimi. Baba mkwe alimshika mkono. "Ngoja kwanza. Desire, hiyo ndiyo yangu?"

"Ndiyo yako, Baba."

"Imebaki kiasi gani?"

"Kidogo."

Akamgeukia mzee Salvatori. "Bwana, mupige baadaye. Hotuba yangu iko mule ndani."

Basi wakangoja. Watu waliokuja kumlilia mzee wa mchele walisimama nyuma yangu wakiutazama mstari wa kijani, mmoja akasema unakwenda kama foleni ya esansi, na ulipofika mwisho diski ikajitoa yenyewe, mtu mmoja akapiga makofi kisha akaona aibu.

Ningekuwa nimeponea hapo, ila Shangazi Venansia alikataa. "Anakana kwa sababu ya haya. Mimi kichwa cha kaka yangu nakijua." Na wengine wakaitikia, kwa kuwa, nadhani, mtoto aliyepotea ni habari tamu kuliko mwizi wa umeme. Baba mkwe naye nikaona macho yake hayajatulia. Akasema kama ni hivyo, baba wa kijana yumo kwenye diski, twende tukamtazame. Wakapanda pikapu yake, shangazi na mzee Salvatori, mimi nyuma na diski kifuani, tukaenda Musaga.

Majirani walikuwa wameshakaa. Goreti aliponiona na wale wageni alivua kitambaa cha kichwa akakivaa upya, na ninajua maana yake, anajiandaa kuaibika. Diski ikaingia. Nilifunga macho. Nilipoyafungua, baba yangu alikuwa ukutani, mkubwa kuliko alivyokuwa hai, amesimama kando yangu na suti aliyoazima, jasho kwenye mdomo wa juu unaliona tone kwa tone. Amefariki mwaka wa pili sasa. Nilikuwa nimesahau kwamba sikio lake la kushoto lilikuwa limesimama nje kama mlango uliosahauliwa wazi.

Baba mkwe akasimamisha picha. Shangazi akanyanyuka, akaenda mpaka kwenye kioo, akarudi, akanishika kidevu akanigeuza mbele ya Musaga yote, akarudi tena kwenye kioo.

"Masikio haya si ya mama yake," akasema mwishowe, kama mtu aliyeibiwa. "Ni ya huyu."

Goreti alikaa chini. Baba mkwe akacheka, akanipiga bega, akabonyeza rimoti ili sasa tufike kwenye hotuba yake, na kabla ya hotuba kulikuwa na hotuba ya baba yangu, na nyuma ya baba yangu, safi, hata meno ya nyuma yanahesabika, alikuwa mzee Gaspari mwenyewe, amelala, mdomo wazi. Hakuna aliyecheka mpaka jirani mmoja alipouliza, "Huyo naye ni nani?"

Diski hiyo iko kabatini. Haina jina juu.

Nilirudi kwa Mama Odeta na chupa ya esansi, niliyoilalia kwenye foleni mwenyewe, nikamwomba radhi. Aliipokea. Akasema, "Mi nilikuwa nimeshaandaa moyo. Nimeshaandaa na sahani." Kisha akanipa ile sahani, nikala, naye akinitazama nikila. Toka siku ile nimeapa sitachomeka kitu popote kabla sijauliza esansi ni ya nani na aliyekufa ni nani, na sitakaa kimya tena mbele ya mjane kwa sababu ya mstari wa kijani. Shangazi Venansia akikutana nami sokoni bado ananiita mwana wa Aniseti, kwa sauti, watu wasikie. Mama yangu ameniambia nimkatalie. Namkatalia, mara nyingi namkatalia. Ila akiwa yuko na Mama Odeta, ninaitika.