Nepi Zenye Picha ya Padri

"Mwanangu, huyu munatukalisha juu yake ni nani?"

Koko Faida, mama mzee wa Nyangezi, aliniuliza hivyo akiwa amenyanyua nepi, na mimi mwenye diploma (na mdomo mrefu) nikamwambia sijui. Aibu yake bado ninayo.

Mimi ndiye mnunuzi wa nyumba ya wazee huku Muhumba, kando ya ziwa. Nepi za plastiki zilikuwa zinamchubua Koko Faida, na zikishatumika zilitupwa bondeni, mvua ikazipeleka ziwani, basi nikamsumbua mkurugenzi, Maman Espérance, mpaka akakubali tujaribu za kitambaa kwa mwezi mmoja. Sokoni Kadutu nikapata robota la kitambaa cha pamba safi, bei ya kutupa, masalio ya jubilei ya parokia, lenye picha ya padri fulani marehemu. Fundi wa cherehani akaguna: "Dada, sura ya mutu kweli?" Nikamwambia pamba ni pamba, picha haina pua (nilijiona mjanja!).

Jumapili ya wageni, kwa kuwa nyuma hakuna jua, nikaanika nepi zote mbele, karibu na lango, na nani wakaingia wakiimba? Kwaya ya akina maman wa parokia, wote katika kikwembe (kitenge) kile kile cha jubilei, padri yule yule akitabasamu vifuani mwao na kwenye kamba yangu.

Wimbo ukakatika.

"Yesu Maria! Nani alifanya hii?" mmoja wao akapaza sauti.

Nikakimbia kuzianua, nikavuta kwa nguvu, kamba ikakatika, padri akaanguka kwenye tope na mimi (nisameheni) nikamkanyaga usoni.

"Kesho tunarudilia plastiki," Maman Espérance akasema. Koko Faida akasikia, akaanza kulia.

Hapo Maman Nsimire, mkuu wa kwaya, akainama, akaokota nepi moja, akaikung'uta taratibu. "Tutaleta vikwembe vya zamani, bila sura," akawaambia wenzake. "Na weye wa université, mbele ya kununua, uulize!"

Walileta mabunda mawili. Ngozi ya Koko imepona, plastiki haijarudi, na siku hizi sinunui hata sabuni kabla sijazunguka vitandani kuuliza.

Ila swali la Koko nilipata jibu lake mwaka mzima baadaye: padri yule alimalizia siku zake humu humu, chumba cha nne, kabla sisi sote hatujafika hapa, na aliyekuwa akimfulia nepi zake, za kitambaa, ni Maman Nsimire.