Duara Juu ya Shavu la Cucu

Cucu, nyanya yangu, alikuwa apasuliwe tumbo Alhamisi. Jumapili baada ya kanisa aliniita kwake Gatitu akasema anataka picha ya kubebwa mbele ya jeneza lake. Alisema huku anachambua maharagwe, kama anayeagiza sukari dukani.

"Lakini cucu, ni kupasuliwa tu. Kwani daktari alisema ukuje na jeneza?"

"Huo mdomo utakuzika kabla yangu. Leta hiyo kitu ya shule."

Hiyo kitu ilikuwa kamera ya chama chetu cha picha, niliyoazimwa na mwalimu wa fizikia baada ya kuapa mara tatu. Filamu ilibaki picha tatu. Nikiziharibu zote, ingebebwa ile ya kitambulisho, na humo cucu anafanana na mtu aliyekamatwa akiiba kuku.

Ukichungulia ndani ya kamera hiyo unaona duara dogo katikati, na sindano pembeni. Sindano haijali mlima wala anga. Inapima mwanga wa kile kilicho ndani ya duara, basi. Mwalimu alituambia, "Hii mashine ni mjinga mwaminifu. Kila kitu ukiiwekea hapo inafikiri ni rangi ya jivu. Weka theluji, itakupa jivu. Weka makaa, itakupa jivu. Kwa hivyo pima kile unachotaka kionekane, halafu ufikirie." Wakati huo nilikuwa nyuma yake nikiiga anavyotembea. Nilisikia nusu.

Cucu alikaa mbele ya ukuta wa chokaa, kitambaa cheupe cha kanisa kichwani. Ili uso wake ujaze duara ilibidi nisogee mpaka karibu nimguse, nimwelekezee lenzi machoni. Kwetu hakuna anayefanya hivyo. Hata baba, mwanawe, huongea naye akiangalia magoti yake. Nikaogopa. Nikasimama mbali, nikapima ukuta. Nikapiga. Nikapima tena ukuta, nikapiga.

Ndipo theluji ya mwalimu ikanirudia. Ukuta mweupe ungekuwa jivu, na uso wa cucu masizi matupu. Picha ilibaki moja.

"Cucu, lazima nikuje karibu."

"Karibu namna gani?"

"Karibu sana. Niweke hii kitu kwa uso."

Kuku wake akapita katikati yetu, akarudi.

"Kuja basi. Lakini haraka, kabla nibadilishe roho."

Ndani ya duara kulikuwa na shavu, halafu jicho. Jicho lilikuwa na maji. Chini, vidole vyake vilikuwa vimeshika kiti kama mtu aliye juu ya mti. Kumbe maneno ya jeneza hayakuwa mzaha! Mimi ndiye niliyekuwa nacheka peke yangu. Nikazungusha lenzi mpaka sindano ikakaa katikati, nikarudi nyuma, nikapiga. Ile nusu nyingine, ya kufikiri, sikuifanya.

Picha zingeoshwa mjini mpaka Jumatano. Siku hizo darasani sikutania mtu, hata mwalimu akaniuliza kama nina malaria.

Bahasha ya picha niliifungulia kando ya kitanda cha cucu hospitalini, kwa sababu niliogopa kuifungua peke yangu. Mbili za kwanza zilikuwa ukuta wa jivu, na mbele yake kivuli kimefunga kitambaa. Ya tatu, ukuta na kitambaa vilikuwa vimeyeyuka pamoja kuwa weupe mtupu, lakini uso ulikuwepo, makunyanzi yote, umefifia kama chai iliyozidi maziwa.

Cucu aliitazama sana.

"Huyu mzungu ni nani?"

"Ni wewe, cucu."

"Hii ikibebwa mbele, watu watauliza nani anazikwa." Akaisukuma chini ya mto. "Utanipiga ingine nikitoka."

Alhamisi nilitoroka shule. Nilikaa kwenye benchi nje ya mlango walimompitishia, kamera mapajani, filamu mpya ndani. Niliupima mlango ule kupitia duara mara nyingi, nione kama sindano itasema kitu. Ilisema jivu. Baba alitembea huku na huku bila kunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Saa nane muuguzi akatoa kichwa.

"Mjukuu wa mama wa Gatitu ni nani?"

Nikainua mkono kama niko darasani.

"Ameamka. Anauliza kama umekuja na hiyo kitu."