Plasta Kwenye Goti Zima

Mikono ya Mama Plasta haikuwa na kawaida ya kuangusha kitu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mchua misuli wa timu ya kulipwa ya mpira wa kikapu, na katika miaka hiyo alikuwa amerudisha vidole vilivyoteguka, amefunga kwa plasta vifundo vya miguu visivyo na idadi, na kuwakaripia kwa upendo wanaume ambao kichwa chake kiliishia vifuani mwao. Lakini mchana ule wa fainali, katika chumba cha kubadilishia nguo kinachonuka dawa ya kuchulia na soksi, mkasi ulimponyoka mara mbili. Alikuwa anaogopa, na yule aliyekuwa akimwogopea alikaa mbele yake juu ya meza, amenyoosha mguu wa kulia, anajifanya anapiga mluzi.

Huyo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Uwanjani wanamwita Kisiki, kwa kuwa ni mfupi, amejaa, na ukimgonga unaumia wewe. Mfupi, bila shaka, ni neno la watu wa kikapu. Ana mita moja na sentimita tisini na moja, na mlango wa nyumbani kwa dada yake umeshamtia nundu si mara moja. Lakini kazi aliyopewa msimu ule ilikuwa kuwazuia warefu chini ya kikapu, na kule chini mtu wa kimo hicho anaonewa mchana kweupe.

Mambo yalianza pale timu ilipoishiwa na warefu. Mmoja alivunjika mkono, mwingine akanunuliwa na timu tajiri katikati ya msimu. Kocha, mtu wa maneno machache na kahawa nyingi, alikuna kichwa siku mbili, kisha akatangaza kwamba hatafuti mrefu mwingine. Angepanga watano wafupi, wote wanaokimbia, wote wanaojua kupiga za pointi tatu kutoka mbali.

"Mrefu wao atatufuata huku nje," alisema. "Akitufuata, atachoka. Asipotufuata, tunafunga."

Mji mzima ulicheka. Vinyozi waliacha wateja na ndevu nusu ili wabishane. Wapo walioapa kwamba wafupi watashinda mechi mbili tatu za kuchangamsha watu, ila ubingwa ni wa warefu tangu dunia iumbwe. Wapo waliosema mpira hauulizi kimo. Wafupi wakashinda, wakashinda tena, wakaingia fainali, na wale wale waliocheka wakaenda kununua jezi. Ndivyo walivyo watu, usiwashangae.

Jambo ambalo hakuna mbishi aliyeliuliza, na Mama Plasta alikuwa akijiuliza kila siku kimoyomoyo, ni mwili wa nani utakaolipa. Wanne wanakimbia, sawa. Lakini mmoja lazima abaki chini akisukumana na mrefu, na huyo alikuwa Kisiki, mwenye miaka thelathini na minne. Katika fainali, ambayo bingwa hupatikana kwa kushinda mechi tatu kati ya tano, huyo mrefu alikuwa Mlingoti: mita mbili na ushei, na viwiko visivyo na huruma. Baada ya mechi ya tatu goti la kushoto la Kisiki lilivimba likajaa maji. Daktari aliwaambia wote wawili polepole, bila kuficha: likigeuka vibaya mara moja tu, atatembelea fimbo maisha yake yote, na hakuna upasuaji utakaomrudishia mguu.

"Dada, nakuomba," Kisiki alimwambia wakiwa hawajaufikia hata mlango wa kutokea. "Usimwambie kocha. Sijawahi kuchukua ubingwa mimi. Mwakani nani atanitaka?"

"Na mguu?"

"Mguu ni wangu."

"Wako? Nani alikubeba mgongoni ulipokuwa hujui kuutumia?"

Alisema hivyo, lakini alikubali. Mama yao alifariki Kisiki akiwa na miaka minne, na tangu siku hiyo dada huyu hakuwahi kujua namna ya kumnyima kitu. Kila asubuhi kocha alipouliza, "Wote wazima?" yeye alijibu, "Wazima."

Kisha wakafanya hila ya kazi yao. Wachezaji wa kikapu wana macho makali. Wakiona goti limefungwa plasta, hapo hapo ndipo wanapogonga, halafu wanaomba radhi kwa adabu. Kwa hiyo Mama Plasta alilifunga goti zima, lile la kulia, tabaka juu ya tabaka, na bovu akaliacha wazi likimeremeta mafuta. Mechi ya nne Mlingoti alikula chambo chote. Alipiga goti la kulia dakika arobaini nzima, wafupi wakashinda, ikawa mbili kwa mbili. Na mchana huu ndio ulikuwa wa kuamua.

Mechi ilipoanza Mama Plasta alikaa mwisho wa benchi, chupa za maji miguuni, roho mkononi. Wengine walitazama mpira. Yeye alitazama goti. Kila Kisiki aliporuka na kutua, dada yake alingoja sauti. Ile sauti ya goti linapoachia alishaisikia mara tatu katika kazi yake, fupi na kavu, na wote watatu hawakucheza tena. Aliomba mbio za wafupi ziendelee, mpira ukae mbali, Mlingoti achoke. Na kweli alichoka. Wafupi walimzungusha uwanja mzima, wakapiga tatu kutoka pembeni, na zikiwa zimebaki dakika nne walikuwa mbele kwa pointi tano. Nusu ya uwanja ilikuwa imesimama ikiimba.

Kocha akaomba muda. Wakamzunguka, jasho likidondoka kwenye kibao chake cha kuchorea mbinu.

"Kisiki, wanakuua huo mguu wenye plasta," alisema. "Nimeona tangu mwanzo. Sasa basi, uupumzishe. Uzito wote weka kushoto. Mlingoti akikusukuma, geukia kushoto, simamia mguu mzima."

Mama Plasta, aliyekuwa akigawa maji, akasimama. Hila iliyowadanganya maadui ilikuwa imemdanganya kocha wao wenyewe, na yeye aliyejiona mjanja hakuliwaza hilo hata kidogo. Kwa mikono yake mwenyewe alikuwa amelifungulia goti lile njia ya kwenda kuvunjika.

"Sawa, kocha," alisema Kisiki, kisha akamtazama dada yake. Macho yalimwomba: dakika nne tu.

Hofu mbili zilimkamata kwa pamoja. Akisema, atampoteza mdogo wake. Akinyamaza, ataisikia ile sauti. Mwamuzi alikuwa ameshatia filimbi mdomoni.

"Kocha, bovu ni la kushoto."

"Nini?"

"Goti bovu ni la kushoto. La kulia zima. Nilikudanganya, wiki nzima nakudanganya. Likigeuka leo, huyu hatembei tena."

"Dada, nyamaza!"

"Sinyamazi!"

Kocha hakufoka. Alimtazama Mama Plasta kama mtu asiyemfahamu, kisha akamgeukia Kisiki. "Kaa."

"Kocha, dakika nne..."

"Nimesema kaa."

Akamwingiza Pilipili, mpitishaji mpira wa akiba, mfupi kuliko wafupi wote, aliyefika Mlingoti kwenye kwapa. Mashabiki walizomea. Pilipili alipigana kiume, hilo tumpe. Alimng'ang'ania Mlingoti kama kupe, akapiga na tatu moja iliyonyanyua watu vitini. Lakini chini ya kikapu pakawa shamba lisilo na mwenyewe. Pointi tano zikawa tatu, zikawa moja. Zikiwa zimebaki sekunde mbili, mpira uligonga chuma ukarudi, Mlingoti akaudaka juu ya kichwa cha Pilipili na kuuweka kikapuni bila hata kuruka vizuri. Wakafungwa kwa pointi moja.

"Tulisema!" watu walipiga kelele wakitoka. "Wafupi hawachukui ubingwa!"

Nani angewajibu? Kwa dakika thelathini na sita wafupi walikuwa mabingwa. Nne za mwisho zilikuwa zake yeye, na alijua.

Wakarudi chumbani. Kocha alipita akasema tu, "Mama, kesho tutaongea." Mama Plasta alipiga magoti mbele ya mdogo wake na mkasi wake. Kisiki akaisukuma mikono yake, akaibandua plasta mwenyewe, ikatoka na vinyweleo.

"Ubingwa wangu, dada. Ulikuwa hapa." Alifunua kiganja.

"Najua."

"Hujui kitu."

Akabeba begi lake akatoka. Mama Plasta alimfuata mpaka mlangoni, penye ngazi, akiogopa kama hajawahi kuogopa, kwamba huyu ndiye mtu wake pekee duniani na huenda asimwite dada tena.

Kisiki alishuka ngazi kwa hasira, mbili mbili, begi likimgonga mgongoni. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, hakushika chuma cha pembeni hata mara moja. Alipofika chini aliupiga teke mlango wa kutokea, kwa mguu wa kushoto, mjinga yule, na mlango ukafunguka mpaka ukutani. Hakugeuka nyuma.

Mama Plasta akaketi pale pale juu ya ngazi, machozi yakamtoka, na kicheko kikamtoka humo humo. Msafishaji aliyekuwa akipanda na ndoo yake alisimama.

"Mama, kumbe mmeshinda?"

"Tumefungwa," alisema, akicheka na kujifuta kwa kiganja. "Pointi moja."

Msafishaji akaitua ndoo, akabaki anamwangalia, asijue ampe pole au hongera.