Sheria ya Mguu Mmoja

Asumpta wa Mshangano alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kufundisha. Akikata kitunguu, atakueleza kwa nini kinatoa machozi. Akianika nguo, atakuonyesha upepo unatokea wapi. Kwa miaka miwili alikuwa akiwasomesha wanawe nyumbani, tangu kifua cha Calvin kilipokataa vumbi la njia ya shule na kumlaza hospitali mara tatu. Jane, mdogo wake, naye aligoma kwenda peke yake. Basi ilipofika likizo ya Juni, watoto walimkalisha mama yao kitako wakamtungia sheria. Wiki mbili hakuna somo, na kila wakimnasa anafundisha, atazunguka nyumba kwa mguu mmoja.

Siku ya kwanza alizunguka mara saba. Siku ya pili akaanza ujanja.

"Chukueni kamba mpime tumbo la hili boga," alisema, macho yakiwa pembeni.

"Mama, hilo si somo?"

"Somo gani? Nataka kujua kama litaingia kwenye sufuria!"

Watoto walitazamana, wakapima boga, kisha wakapima sufuria. Jane akatangaza kwamba haliingii hata kwa kusukumwa. Asumpta alijificha jikoni akacheka mpaka kanga ikamdondoka.

Lakini kicheko hicho kilikuwa na hofu ndani yake. Mumewe Sixbert, dereva wa lori la Tunduru, alikuwa amepiga simu na kusema mama yake, Bibi Getruda, anakuja kutoka Lusewa kuwaona watoto, na huyo bibi ndiye atakayeamua kama waendelee kusomea nyumbani. Akiona hawajui kitu, Januari wanakwenda bweni. Asumpta akifikiria kile kifua cha Calvin kikikohoa bwenini bila mtu wa kukisugua, alikosa raha kabisa.

Bibi Getruda alifika Jumatano saa nne asubuhi, akamkuta mkamwana wake anarukaruka nyuma ya nyumba huku watoto wanamhesabia kwa kelele.

"Shikamoo, Mama," alisema Asumpta, mguu mmoja ungali hewani.

"Marahaba. Umechomwa na mwiba?"

Akaelezwa sheria. Hakucheka. Alikaa kwenye kigoda, akamwita mjukuu wake.

"Calvin, saba mara nane ni ngapi?"

"Bibi, tuko likizo! Hilo ni somo!"

Asumpta alitamani ardhi ipasuke immeze. Bibi Getruda alimgeukia taratibu.

"Mama Calvin, mimi niliishia darasa la pili. Baba alinitoa nikachunge mbuzi. Mpaka leo naumia nikiona watoto na sare zao. Wajukuu zangu nao wakae nyumbani wakiruka kama vyura?"

Asumpta aliingia jikoni kuwasaidia watoto, maana walikuwa wamepanga kumpikia bibi yao togwa. Uji ulikuwa umeiva, unatoa moshi, na Calvin alikwisha kuinua bakuli la kimea, unga wa ulezi uliooteshwa, amimine.

"Acha!" Bibi Getruda aliruka kutoka kwenye kigoda. "Yesu na Maria, utakiua kimea! Uji wa moto hivyo kinaungua, hakilainishi kitu. Epua. Ngoja upoe, kisha chovya kidole uhesabu mpaka kumi. Ukivumilia, ndipo kimea kinaingia."

Wakangoja. Calvin akachovya, akahesabu, akavumilia.

"Kiasi gani, Bibi?"

"Vijiko saba kila kikombe kikubwa."

"Uji ni vikombe vinane," alisema Calvin, anachota tayari. "Basi vijiko hamsini na sita."

Bibi Getruda alimtazama, kisha akamtazama Asumpta. Jane akakoroga, na ule uji mzito ukaanza kulegea mbele ya macho yao mpaka ukawa maji maji. Watoto walipiga mayowe ya furaha. Ndipo Jane akasimamisha mwiko.

"Bibi amefundisha! Adhabu!"

"Nani, mimi?"

"Umetufundisha kimea, Bibi. Wewe ni mwalimu!"

"Mimi niliishia la pili," alisema tena Bibi Getruda, safari hii kwa sauti ndogo, na machozi yakamlengalenga. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

Akavua kandambili. Akafunga kanga vizuri kiunoni. Kisha mama huyo wa miaka sabini akaanza kuzunguka nyumba kwa mguu mmoja, mkono ukutani, akicheka kwa sauti iliyowatoa majirani nje, na nyuma yake wajukuu na mkamwana wakiruka pia.

Alipofika mlangoni anahema, simu yake ililia. Alikuwa Sixbert.

"Mama, umeamuaje?"

"Piga kesho, mwanangu. Huku walimu tuko wawili, na mimi nataka kuwafundisha kuotesha ulezi wa kimea, kwa hiyo bado nina mzunguko mwingine."