Mtaa wa Wahindi na Wageni wa Dada

Dada yangu mkubwa alikuwa mpishi wa mama mmoja wa Kihindi, mjane mwenye duka la vitambaa mjini Bukoba. Alikwenda kuishi huko baada ya kuzika watoto wawili mmoja baada ya mwingine, na mumewe kumrudisha kwetu Kamachumu. Mambo hayo hatukuyazungumza nyumbani. Mama alisema tu kwamba binti yake amepata kazi.

Jumamosi wanawake wa kijijini kwetu walipokuja mjini kuuza maharage, dada aliwangoja sokoni. Wakimaliza kuuza, aliwatembeza mtaa wa Wahindi kwa miguu, nyumba hadi nyumba, akiwaonjesha vyakula. Likizo moja, nikiwa bado sekondari, nilifuatana nao. Tulianza kwa mke wa fundi cherehani, aliyekaanga bajia za dengu kibarazani. Tukaenda kwa mzee aliyeuza jelebi, vile vitamu vya shira, ambaye dada alimwamkia kwa Kigujarati cha kuokoteza, mzee akacheka mpaka akakohoa. Kila mahali dada aliwaeleza wenzake kwa Kihaya kilichomo ndani ya chakula, kisha akawamegea kwa mkono wake mwenyewe, mmoja mmoja.

"Watu hawa hawali nyama," aliwaambia. "Wala samaki."

"Na ziwa lote hili?" akauliza jirani yetu mmoja, mama mtu mzima.

"Hata dagaa, waitu," dada akamjibu kwa heshima ya Kihaya.

Walicheka njia nzima hadi ua wa nyuma wa yule mjane. Huko ndiko walikomalizia, wakala kachori alizopika dada, wakanywa chai ya tangawizi; mimi nilikuwa nimeshiba bajia, nikanywa chai tu. Mjane aliketi nao kwenye mkeka, miguu yake iliyovimba ameinyoosha mbele.

Miaka mitatu baadaye nilikuwa chuo cha ualimu. Azimio la ujamaa nililijua kwa moyo, na beji ya vijana wa chama haikunitoka kifuani. Nilifika Bukoba Jumamosi moja, nikamkuta dada uani kwa mjane na wanawake saba hivi, ameshika sahani. Sijui ni nini hasa kilichonipanda. Labda ni kule kumwona amevaa aproni nyeupe ya watu wengine.

"Dada, huoni aibu?" nilisema kwa sauti ya mkutanoni. "Unawaleta wakulima kuchekelea chakula cha wanaowanyonya!"

 Mjane alikuwa mlangoni, na Kiswahili alikijua vizuri kuliko mama yangu.

"Mwanangu," akasema, "karibu kwanza, ule. Ugomvi na tumbo tupu haufai."

Niliusukuma mkono wa dada aliponinyooshea sahani. Kachori zikamwagika kwenye saruji. Jirani yetu alijifunga kanga yake upya, akachukua kikapu, akatoka. Wengine wakamfuata bila kuaga. Dada alichuchumaa akaanza kuokota.

"Umeshasema," aliniambia bila kuinua uso. "Sasa nenda kwa mama, anakungoja."

Wanawake hawakurudi tena. Waliogopa kutajwa kwenye mikutano ya kijiji, na aliyewatia hofu hiyo ni mimi. Haukupita mwaka, nyumba nyingi za mtaa ule zikataifishwa, na wenyewe wakaanza kuondoka familia moja moja. Mjane alimwomba dada waende pamoja, dada akakataa kwa sababu mama alikuwa anazeeka. Alirudi Kamachumu. Alilima, akamuuguza mama hadi akamzika. Mgeni akija alimpikia, lakini sikumwona tena akicheka na watu wakati wa kula.

Mimi nilikuwa nafundisha Muleba, si mbali, na bado ilinichukua miaka kumwambia neno. Nilimwambia siku alipolala hospitalini, uvimbe wa titi umeshapanda mpaka kwapani.

"Dada, siku ile uani, nilikukosea."

 "Hukusema uongo wote," akajibu. "Wapo Wahindi waliotuuzia kwa dharau, tumesimama nje ya dirisha kama mbuzi. Lakini ulijua kwa nini nilikuwa nawaleta wale akina mama?"

Nilisema nilidhani ni furaha tu ya kuwaonyesha mji.

"Watoto wangu walipokufa walisema mkono wangu una mkosi. Nilipika msibani kwa jirani yetu, wakamwaga chakula changu nyuma ya migomba, mimi nikiona. Yule mama wa Kihindi nilimsimulia. Siku hiyohiyo akakaa chini akaniambia, nimegee. Akala mkononi mwangu. Ndiye aliyesema, walete hapa, hapa kila kitu ni kigeni, watakusahau wewe watakitazama chakula. Mwaka mzima waliniogopa, nikawangoja. Halafu wakawa wanakula."

 Nilimshika miguu, kwa kuwa mikono yake ilikuwa inauma.

"Sikukuchukia," alisema. "Ila sikupata tena mahali pengine pa kuwalisha."

Kisha akaniuliza kama mvua imefika kwa upande wetu wa Muleba, nikamwambia bado. Alifariki wiki ya tatu tangu siku hiyo. Msibani wanawake wa kijiji walikuja wengi, wakalia kwa dhati. Jirani yetu, sasa kikongwe, alinivuta pembeni akaniuliza kama najua namna dada alivyokuwa akipika zile kachori. Nilimwambia sijui, sikuwahi kuzionja.